Vimbunga, mvua na habari za kutia chumvi Dar es Salaam: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya husikika kila mwaka masika yanapoanza mwezi Machi, na tena Oktoba vuli inapokaribia. Huulizwa kwenye daladala, kwenye kivuko cha Kigamboni, kwenye vikao vya serikali za mitaa, na zaidi ya kote kwenye makundi ya WhatsApp pale picha ya wingu jeusi inapoanza kuzunguka. Nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu naamini namna dhoruba zinavyotangazwa jijini kwetu inaumiza watu. Kimbunga kilicho mbali baharini hutangazwa usiku na mchana. Mvua ya usiku mmoja inayoshuka kutoka vilima vya Pugu hadi Jangwani hutajwa kwa dakika mbili, tena watu wakiwa wameshakufa.

Kimbunga Jobo kilitangazwa mno mwaka 2021, halafu hatukuona kitu. TMA walikosea?

Hawakukosea. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ilisema Jobo kipo na kinasogea kuelekea pwani yetu, na ndivyo ilivyokuwa. Kilifika mwishoni mwa Aprili 2021 kikiwa kimeshapoteza nguvu. Kimbunga huishi kwa joto la bahari na unyevu wa hewa. Kikiingia kwenye hewa kavu, au upepo wa juu ukivuma tofauti na wa chini, hulegea na kuvunjika hata kabla ya kugusa nchi kavu.

Lililoharibika ni jambo jingine. Taarifa za hali ya hewa hutolewa upya mara kwa mara kwa sababu dhoruba yenyewe hubadilika. Ile ya kwanza ilisomwa kama hukumu: kinakuja, kinatukumba. Zilizofuata, zilizosema kinadhoofika, hazikusambazwa kwa ari ileile. Aliyesikia ya kwanza tu alikaa na hofu siku kadhaa, kisha hofu ikageuka dharau, na dharau hiyo bado tunaishi nayo.

Kwa hiyo Dar haiwezi kupigwa na kimbunga?

Inaweza. Ni nadra, lakini inaweza. Vimbunga huhitaji msukumo unaotokana na mzunguko wa dunia ili vianze kuzunguka, na msukumo huo ni hafifu mno karibu na ikweta. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, pembezoni kabisa mwa eneo ambalo vimbunga hupita. Ndiyo maana vingi huishia Madagaska na Msumbiji.

Lakini nadra si sawa na kamwe. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Zanzibar kikaangusha mikarafuu na kuzamisha merikebu za Sultani Barghash bandarini. Aprili 1952 kingine kiliivamia Lindi na kuua watu. Aprili 2019 Kenneth kilikuja karibu na Mtwara, kikaingia Cabo Delgado ng'ambo ya Mto Ruvuma. Mei 2024 kikaja Hidaya. Angalia miezi hiyo: ni mwisho wa msimu wa vimbunga, wakati masika yamepamba moto na ardhi imeshashiba maji. Mtangazaji anayetaka kuwasaidia wasikilizaji wake angeanzia hapo, kwamba hata kimbunga dhaifu mwezi Aprili humimina mvua juu ya mito iliyokwisha kujaa.

Hidaya kilipita karibu kabisa. Mbona Dar kulikuwa na afadhali kuliko ilivyosemwa?

Kwa sababu ya upande. Huku kusini mwa ikweta kimbunga huzunguka kama mishale ya saa. Kikitua kwenye pwani inayotazama mashariki kama yetu, walio kusini mwa kitovu hupata upepo unaotoka baharini, uliobeba maji. Walio kaskazini hupata zaidi upepo unaotoka bara kwenda baharini. Hidaya kiligusa Mafia tarehe 4 Mei 2024, na Mafia iko zaidi ya kilomita 100 kusini mwa Dar. Kwa hiyo jiji lilikuwa upande wenye nafuu, na Kilwa, Lindi na Mtwara zilikuwa upande mbaya. Barabara kuu ya kusini ilikatika eneo la Somanga, wasafiri wakakwama, na huko ndiko habari kubwa ilikokuwa.

Siku ile wengi wetu mjini tulikuwa tunaonyeshwa bahari ya Dar. Mwandishi amesimama ufukweni, nywele zinapepea, nyuma yake mawimbi. Picha ile haikuwa ya uongo, ila ilikuwa ya mahali pasipo na habari. Watu wa Mafia na Kilwa walihitaji macho yale kuliko sisi.

Kusitishwa kwa boti za Zanzibar lilikuwa jambo sahihi hata hivyo. Bahari haina upande wa nafuu kwa abiria.

Jina la kimbunga lina maana gani? Chenye jina ni hatari zaidi?

Majina huandaliwa mapema na nchi za ukanda wetu, Tanzania ikiwemo, na hutolewa kwa mpangilio wa herufi kila msimu. Hidaya kilikuwa cha nane msimu wa 2023/24, na baada yake kikaja Ialy. Herufi haisemi lolote kuhusu nguvu. Dhoruba hupewa jina upepo wake unapofikia kilomita 63 kwa saa, kasi ambayo bado ni mbali na kimbunga kamili.

Mgandamizo mdogo, dhoruba, kimbunga: tofauti yake ni ipi?

Ni kasi ya upepo. Mgandamizo mdogo wa hewa ndio mwanzo. Kuanzia kilomita 63 kwa saa ni dhoruba ya kitropiki. Kuanzia 118 ni kimbunga, na kuanzia 166 ni kimbunga kikali. Ukisikia redioni kimbunga kikitajwa kwa daraja la kwanza hadi la tano, ujue hicho ni kipimo cha Marekani, na mara nyingi mtangazaji amekinyakua mtandaoni bila kukagua. Kipimo cha kwetu ni hicho nilichoandika.

Kwa kulinganisha, zile taarifa tunazozisikia karibu kila wiki za upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2 ni za upepo wa kawaida wa pwani. Kwa ngalawa na mtumbwi ni hatari ya kweli, kwa ghorofa la Kariakoo si kitu. Habari inayosema tu "upepo mkali waja Dar" bila kusema ni nani wa kujihadhari inamtisha mwenye ghorofa na kumwacha mvuvi bila msaada.

TMA wanatumia maneno angalizo na tahadhari. Si yale yale?

Si yale yale, na kuyachanganya ni kosa ninaloliona mara nyingi kuliko jingine lolote. Ziko ngazi tatu. Angalizo ni rangi ya njano: fuatilia, jiandae. Tahadhari ni rangi ya chungwa: chukua hatua. Tahadhari kubwa ni nyekundu: okoa maisha. Vyombo vingi vinaziita zote tahadhari, na vingine vinaongeza "kubwa" kwa sababu kichwa cha habari kinapendeza. Matokeo yake, nyekundu ikija hakuna neno lililobaki la kuitangazia. Tumeshalitumia kwenye manyunyu.

Kuna jambo la pili ndani ya taarifa hizo ambalo karibu kila mara hukatwa. Kila taarifa ya TMA ina mistari miwili: kiwango cha uwezekano wa kutokea, na kiwango cha athari zinazoweza kujitokeza. Kila mmoja huandikwa mdogo, wa wastani au mkubwa. Taarifa inaweza kusema uwezekano ni mdogo lakini athari ni kubwa. Mtu mwenye akili timamu akisoma hivyo anaelewa: huenda isitokee, ila ikitokea itauma, basi nipandishe magunia ya mchele juu ya kabati. Ukikata mstari wa uwezekano ukabakiza wa athari, umeacha nusu iliyo rahisi kuuzwa. Naomba waandishi wasome mistari yote miwili hewani. Inachukua sekunde kumi.

Milimita 50 za mvua ni nyingi kweli? Kwenye rula ni vidole vitatu tu.

Swali zuri, na nasikitika kwamba halijibiwi kwenye taarifa za habari, maana hapa hakuna haja ya kutia chumvi hata kidogo. Namba yenyewe inatisha inavyostahili.

TMA huita mvua kuwa kubwa inapozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji kwenye kila mita moja ya mraba. Chukua nyumba ya kawaida ya Tabata yenye paa la mita za mraba 100. Milimita 50 ni lita 5,000 kutoka kwenye paa hilo peke yake, simtanki kubwa nzima. Zidisha kwa kila paa la Tabata, Segerea, Buguruni na Vingunguti, ongeza uwanja uliosakafiwa, ongeza lami, kisha uliza maji hayo yanakwenda wapi. Yanakwenda Mto Msimbazi. Mto huu huanzia vilima vya Pugu na Kisarawe, hupita katikati ya jiji na kumwaga baharini karibu na Daraja la Salender. Safari yake ni takriban kilomita 35 tu, na kabla ya kufika baharini lazima upite Kigogo, Mchikichini na Jangwani.

Hii ina maana kwamba mtu wa Jangwani anaweza kuwa amekaa barazani pakavu huku maji yatakayoingia kwake yameshaanza safari Kisarawe. Kwa hiyo habari ya maana kwake ni mvua ya Pugu na Kisarawe, na saa ilipoanza. Nimesikiliza taarifa nyingi za mvua za jiji hili, na ni mara chache mno nimesikia Pugu ikitajwa kabla ya mafuriko. Baada ya mafuriko Jangwani hutajwa mpaka unachoka.

Ni dhoruba ipi iliyoua watu wengi Dar katika miaka ya karibuni?

Haikuwa na jina. Tarehe 20 hadi 22 Desemba 2011, mwisho wa vuli, mvua ilinyesha mfululizo, na ndani ya siku moja zilipimwa zaidi ya milimita 150. Haikuwahi kupimwa mvua kama ile jijini tangu mwaka 1954. Zaidi ya watu 40 walikufa. Maelfu walikosa makazi, na baadhi yao wakapelekwa kuanza upya Mabwepande, mbali na shughuli zao za kila siku mjini.

Hakukuwa na kimbunga, wala ramani yenye duara jekundu linalozunguka baharini. Ilikuwa mvua, ile ile tunayoiita ya kawaida. Mafuriko ya Aprili 2014 na ya Aprili 2018 nayo yalikuwa hivyo hivyo. Kwa kipimo cha nchi nzima, Waziri Mkuu wa wakati ule, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge tarehe 25 Aprili 2024 kwamba watu 155 wamekufa kutokana na mvua za msimu ule. Siku chache baadaye Hidaya kikaanza kutangazwa, na mazungumzo yote yakahamia kwenye kimbunga kana kwamba maafa ndiyo kwanza yanakaribia.

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote kwenye ukurasa huu. Hatukuzi mambo tu, tunakuza yasiyostahili. Anayeishi bondeni anafundishwa kuogopa bahari iliyo mbele yake, ilhali maji yanayomuua hutoka nyuma.

Kwa nini vyombo vya habari hufanya hivi? Ni kutafuta kiki tu?

Kiki ipo, siwezi kuikataa. Televisheni ya mtandaoni hulipwa kwa idadi ya watazamaji, na "Dar kuzama" hutazamwa kuliko "mvua ya wastani yatarajiwa". Lakini kumwachia lawama yote mwandishi wa zamu ni kumwonea.

Fikiria kazi yake ilivyo. Taarifa ya TMA inafika jioni, taarifa ya habari ni saa mbili usiku. Hana mtu wa hali ya hewa chumbani, ana mhariri anayetaka picha. Picha za bahari zinapatikana dakika kumi kutoka studio nyingi. Picha za mtaro ulioziba Kigogo ni mbali, hazina mvuto, na mwenyekiti wa mtaa hapokei simu. Basi anakwenda ufukweni. Mvua yenyewe nayo haionekani vizuri kwenye kamera, kwa hiyo hupigwa kwa karibu, na dimbwi la barabarani linageuka ziwa.

Halafu kuna vitenzi. Kimbunga "kinaitikisa" Dar, "kinaivamia", "kinaiweka roho juu". Vitenzi hivi ni vya taarabu na vya mpira, na huko vinapendeza. Kwenye taarifa ya hali ya hewa vinamnyima msikilizaji jambo alilofungulia redio kulisikia: kipo wapi, kinakwenda wapi, lini, na yeye afanye nini.

Tatizo jingine ni kukosa kumbukumbu. Mwandishi wa michezo anajua Simba na Yanga walitoka ngapi miaka ishirini iliyopita. Wa hali ya hewa karibu hayupo, kwa hiyo kila mvua ni "haijawahi kutokea". Mara nyingi ilishatokea, tena mahali pale pale.

Si afadhali watu watishwe kuliko wakae bila kujua?

Hoja hii husemwa kwa nia njema, na kuna ukweli ndani yake. Mwaka 2019, Kenneth kilipokaribia, watu wa Mtwara walitakiwa kwenda maeneo salama, kikapita kusini mwao. Hawakupoteza kitu cha kujutia. Ng'ambo ya Ruvuma makumi walikufa, na umbali uliowaokoa wa Mtwara ulikuwa mdogo. Tahadhari isiyotimia si uongo.

Lakini kutisha na kutahadharisha ni vitu viwili. Anayetahadharishwa hupewa la kufanya. Anayetishwa hupewa mapigo ya moyo tu. Kwa wenye kipato cha siku, hofu ina bei: mama lishe wa Feri hakupika, mwenye bodaboda hakutoka, mvuvi wa Kunduchi hakushusha chombo, mzazi amelala macho. Wakilipa bei hiyo mara moja bila kuona kitu, na mara ya pili, mara ya tatu wanakaa walipo. Na ya tatu huenda ikawa Desemba 2011.

Nimezungumza na wakazi wa bonde la Msimbazi. Hawana upungufu wa hofu. Wanayajua maji kuliko mtangazaji yeyote, wamechora alama ukutani zinazoonyesha yalifika wapi mwaka gani. Wanachokosa ni saa na mahali: yatafika lini, na usiku ule tutoke twende shule gani, msikiti gani, kanisa gani, nani ana ufunguo. Huwezi kumtisha mtu hadi apate mahali pa kwenda.

Elinino ni aina ya kimbunga?

Hapana. Elinino ni kupata joto kusiko kwa kawaida kwa maji ya Bahari ya Pasifiki ya kitropiki, ng'ambo kabisa ya dunia, jambo ambalo hubadilisha upepo na mvua sehemu nyingi. Kwetu mara nyingi huongeza mvua za vuli. Haipigi hodi siku fulani, haina kitovu, haitui Mafia. Habari inayosema "Elinino kuingia nchini Jumatatu" imekosea kuanzia neno la kwanza.

Pia haileti mafuriko kila inapokuja. Ya 1997/98 iliharibu barabara na madaraja Afrika Mashariki nzima. Ya 2015/16 ilikuwa miongoni mwa zenye nguvu kuliko zote zilizowahi kupimwa, lakini huku kwetu haikufikia maafa ya ile ya kwanza, kwa sababu hali ya Bahari ya Hindi nayo ina sauti yake.

Na tsunami?

Si hali ya hewa. Husababishwa zaidi na matetemeko chini ya bahari. Ile ya Desemba 2004 ilitoka Sumatra na kuua watu hata kwenye fukwe za Dar, kwa hiyo hofu yake si ya kipuuzi. Ila hakuna mvua wala kimbunga kinachogeuka tsunami, na ujumbe wa sauti unaosema hivyo usiusambaze.

Nitajuaje kama klipu niliyotumiwa ni ya hapa na ni ya leo?

Angalia magari. Yakipita kulia mwa barabara, si Tanzania. Angalia namba za magari, maandishi ya maduka, sare za askari, lugha ya wanaopiga kelele. Sikiliza hadi mwisho, mara nyingi lafudhi humtoa mtu. Klipu za vimbunga vya Florida na Ufilipino hurudi kila mwaka zikiwa zimebandikwa Kigamboni.

Ikiwa ni ya hapa kweli, bado uliza ni ya lini. Jangwani imefurika mara nyingi kiasi kwamba picha ya miaka sita iliyopita inaweza kuonekana ya asubuhi ya leo. Mabasi ya mwendokasi yakionekana ujue si ya kabla ya 2016, zaidi ya hapo utahitaji ushahidi mwingine. Picha za taarifa za TMA zina tarehe na muda zilipotolewa. Kama sehemu hiyo imekatwa, kuna aliyeikata.

Wewe unayesimamia kundi la mtaa una kazi kubwa kuliko unavyodhani. Ukiweka taarifa moja kamili ya TMA na kufunga mjadala kwa saa moja, umefanya kazi ya kituo cha redio. Kumbuka pia kwamba kusambaza taarifa za uongo ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na kwa sheria ya mwaka 2019 mwenye dhamana ya kutoa tahadhari za hali ya hewa nchini ni TMA.

Nasafiri kwenda Zanzibar kesho na wametangaza mawimbi. Niahirishe?

Piga simu kampuni ya boti asubuhi hiyohiyo, usitegemee habari ya jana usiku. Boti kubwa ikiruhusiwa kuondoka, safari itakuwa ya kutapisha, lakini imepimwa. Ikisitishwa, lala. Usikubali kamwe mtu akikuonyesha chombo kidogo bandari bubu.

Mimi ni mtangazaji wa redio. Niseme nini ili nisitishe wala nisilaze watu?

Asante kwa kuuliza. Anza na mahali na saa. Mahali pawe mtaa au bonde, maana "jiji la Dar es Salaam" linaanzia Bunju hadi Kisarawe II, na mvua ya kote huko si moja. Soma ngazi kama ilivyoandikwa, angalizo likibaki angalizo. Taja uwezekano. Kisha mwambie mtu mmoja mahususi afanye jambo moja mahususi.

Badala ya "Dar hatarini, mvua ya kutisha kunyesha usiku", sema hivi: "TMA imetoa angalizo la mvua kubwa kwa Dar, Pwani na Unguja kuanzia leo saa nne usiku, uwezekano ni wa wastani. Mnaoishi kando ya Msimbazi, Mzinga, Kizinga na Mto Tegeta, inueni vitu kabla ya kulala na mmoja wenu abaki macho. Mnaopita Jangwani asubuhi, tafuteni njia nyingine mapema." Hakuna aliyetishwa, na kila mmoja ana kazi.

Hali ikibadilika, rudi hewani kwa sauti ile ile na muda ule ule. Kama kimbunga kilikuwa habari ya kwanza saa mbili usiku jana, kudhoofika kwake kuwe habari ya kwanza leo. Eleza kwa nini kimedhoofika, ili msikilizaji asikuone wewe na TMA kuwa waongo. Na usimtume kijana wako kusimama kwenye maji yanayokwenda kasi apate picha. Akisimama yeye, watoto watasimama.

Mvua ikikatika kamera huondoka. Nini hasa kinapaswa kuendelea kuripotiwa?

Mengi, na huko ndiko ningependa tuweke nguvu zote tunazomaliza kwenye vitenzi. Kuna wanaotapisha vyoo mvua ikinyesha, kinyesi kikaingia mitaroni na kwenye visima vifupi. Wiki ya pili baada ya mafuriko ndiyo wiki ya kuharisha, na wiki hiyo hakuna mwandishi. Kuna wanaochimba mchanga kwenye kingo za mito hadi nyumba zinaning'inia. Kuna mitaro iliyozibuliwa Februari kwa picha na kuzibwa na taka Machi.

Upo pia mradi wa Bonde la Msimbazi, uliopata mkopo wa Benki ya Dunia mwaka 2022, wenye daraja jipya la Jangwani, kuhamishwa kwa karakana ya mwendokasi ambayo imekuwa ikifurika mara kwa mara, na fidia kwa waliokuwa wakiishi bondeni. Fidia ni shilingi ngapi, waliolipwa wamekwenda wapi, na je, wamejenga bonde jingine? Ukifuatilia maswali hayo kiangazi, mwezi Agosti, ndipo unaripoti mafuriko ya Aprili ijayo.

Maji yameanza kuingia ndani sasa hivi. Nifanye nini?

Zima umeme kwenye swichi kuu ukiwa bado umesimama pakavu. Kama maji yameshafika kwenye soketi, usiguse, toka. Beba watoto, wazee, dawa na vyeti. Godoro na televisheni viache. Nenda juu, usivuke maji yanayokwenda kasi hata kama yako chini ya goti, wala usimruhusu dereva akuvushe. Gongea majirani mnapotoka, hasa mwenye mgonjwa na aliyelala peke yake. Piga 114, Zimamoto na Uokoaji, na umpigie mwenyekiti wa mtaa. Taja mtaa, alama iliyo karibu kama shule au kituo cha daladala, na idadi ya waliokwama. Kisha acha simu yako wazi ili waokoaji wakupate, usiimalize chaji kwa kurekodi.